Wimbi Lililoitwa Sifuri

Mtaani walimwita Mama Jenereta, na walikosea kabisa. Kila umeme ulipokatika, jirani mmoja alikuwa mlangoni kuomba atazamiwe jenereta yake ya dizeli inayokohoa. Alichoka kueleza kwamba jenereta zake yeye haziwashi taa, zinatoa mawimbi ya redio, na kwamba kazi yake ni kuhakikisha nguvu inayoandikwa kwenye kioo ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye tundu la waya. Kazini walimwita Nukta. Hilo lilimfaa, maana angeweza kukugombeza asubuhi nzima kwa tarakimu ya pili baada ya nukta.

Mume wake alipofariki alipewa likizo ya siku saba. Siku ya nane alikuwa mezani pake. Watu walipita na pole zao: ametutoka, ametangulia, kazi ya Mungu haina makosa. Yeye, anayelipwa kutafuta makosa, aliitikia "nimeshapoa" kisha akageukia nyaya zake. Hakulia. Wifi yake alimnunia kwa hilo, bure tu, kwani mtu aliyekufa ganzi huwezi kumlaumu kwa kutosikia sindano.

Alhamisi ya wiki ya tatu, akipanga karatasi, aliona jambo kwenye daftari lake mwenyewe. Jumatatu alikuwa amepima jenereta ya karakana ya magari ya wagonjwa. Kabla ya kupima, mita ya kupimia nguvu huwekwa sifuri: unazima mawimbi kwanza, ndipo unabonyeza kitufe, ili mita ijue ukimya ni upi. Kila hatua huwekewa alama ya vema. Penye "zima mawimbi" hapakuwa na alama. Alikuwa amebonyeza huku wimbi dogo bado linapita, na mita, kwa utiifu wake, ikaamini kwamba wimbi lile si kitu. Kwenye nguvu kubwa kosa halikuonekana. Kwenye nguvu ndogo mita ilisoma pungufu, naye akaipandisha jenereta mpaka namba zikapendeza, akapiga muhuri.

Maana yake ni kwamba jenereta ile sasa inatoa nguvu kuliko inayoandika, na redio kiziwi ikipimwa kwayo itaonekana inasikia vizuri. Itarudishwa garini, dereva ataitwa, na hataitika. Alingoja moyo umwende mbio. Haukwenda. Akanyanyua simu.

"Fundi, ile jenereta niliyowarudishia, msiitumie."

"Tumeshapima redio kumi na moja, dada. Zote zimefaulu."

"Ndiyo maana napiga. Zitoeni kwenye magari zote, leo hii. Kosa ni langu."

"Ngoja niwapigie simu madereva kabla hawajafika mbali," fundi alisema.

Saa sita fundi akapiga kusema zote kumi na moja ziko mezani. Ikabaki fomu ya kosa. Mstari wake wa mwisho uliuliza sababu. Mkuu wa maabara, mtu mwema anayependa methali kuliko namba, alikuja kusimama begani pake.

"Andika uchovu," alisema. "Nitakupa onyo, yaishe. Kuteleza si kuanguka, dada yangu. Ukiandika kwamba akili yako haikuwepo, kanuni inanilazimisha nichukue muhuri wako mpaka utahiniwe upya. Na sijui itachukua miezi mingapi."

Muhuri ule ndio pekee uliokuwa ukimtoa kitandani wiki zile. Yeye alijua, na mkuu alijua.

"Sikuchoka," alisema. "Nalala sana tu."

"Basi ni nini?"

Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa: MUME WANGU AMEKUFA. Si ametutoka, si ametangulia. Tangu siku ile hakuwa amelitamka neno hilo wala kuliandika, na sasa alilitazama kwenye mstari akaona halina namna nyingine ya kuandikwa. Mkuu alisoma, akaisaini fomu bila methali.

Yeye akausukuma muhuri mezani kumwelekea. Akachukua mkoba wake, akatoka mpaka getini. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, barabara tupu. Alitoa simu ili aseme nyumbani kwamba leo anawahi kurudi, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina la mumewe.