Bi Chapa Akataa Kuacha Mbio

Mtaani walimwita Bi Chapa, kwa kuwa miaka thelathini na miwili alipiga chapa hukumu za mahakama, na alipostaafu akaendelea kuwachapia wanafunzi tasnifu zao chumbani kwake. Kompyuta yake ilikuwa moja, juu ya meza ya zamani ya cherehani, na ilitumia mfumo wa Linux. Kazi ilimwendea vizuri humo. Shida ilikuwa gemu. Bi Chapa alipenda mbio za magari kupita kiasi, na gemu aliyoitaka ilikubali mfumo wa Windows peke yake. Kila akitaka kucheza, azime kazi, awashe upya upande wa pili wenye Windows. Mwanafunzi akipiga simu, azime tena.

Akamwendea fundi wa dukani. "Nasikia mtu anaweza kuweka kompyuta nyingine ndani ya hii hii, zikawaka zote pamoja."

"Hiyo ni mashine pepe, mama. Ila kwa gemu itakukwamia tu. Halafu, wewe na magemu wapi na wapi?"

"Nimekuuliza habari za kompyuta. Umri wangu naujua."

Akarudi nyumbani kujisomea. Akagundua kwamba mashine pepe hukwama kwa kukosa kadi ya picha ya kwake, kifaa kinachochora picha za skrini. Yeye alikuwa nazo mbili: dhaifu iliyokuja na kompyuta, na nyingine yenye nguvu. Akaamua dhaifu ibaki na kazi, yenye nguvu ipewe ile Windows ya ndani, kila moja na skrini yake.

Siku ya kwanza skrini ya gemu ikawa nyeusi tii. Ya pili, vilevile. Ya tatu akaifuta mashine pepe yote, akaanza upya, hatua kwa hatua, midomo ikimcheza kama mtu anayenuia ugomvi. Siku ya nne, saa nne asubuhi, gari jekundu likanguruma kwenye skrini ya kulia, huku tasnifu ya kilimo cha vitunguu imetulia kwenye ya kushoto. Bi Chapa akapiga kigelegele, peke yake.

Jumapili binti yake akamkuta ameshika usukani wa gemu.

"Mama, shangazi zangu wamenituma. Wanasema umezeeka vibaya, uache magemu."

"Waambie nazeeka kwa kilomita mia mbili kwa saa."

"Mama!"

Simu ikalia. Mwenye vitunguu alitaka kichwa cha sura ya tatu kibadilishwe. Bi Chapa akasimamisha gari, akageukia kushoto, akarekebisha, akatuma, akarudi kulia. Hata dakika mbili hazikuisha.

"Kazi imelala?" akamuuliza binti.

"Haijalala."

"Kuna mtu amekosa chakula humu ndani?"

"Hapana, mama."

"Basi nitaacha siku nitakayochoka mimi, si siku watakayosema wao."

Binti akavuta kiti, akakaa kutazama. Shangazi zake hawajaacha kusema mpaka leo, ila wamekosa wa kumtuma.