Kilo Zangu na Tuktuk ya Odhiambo

Hii aibu nilikuwa nimepanga kuzikwa nayo, lakini kwa vile kwetu huku nje ya Sotik hata watoto wa nasari wanaijua, afadhali muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa mtu wa kuongeza chumvi. Mimi ni nesi mstaafu. Miaka thelathini na moja niliimaliza kwa zahanati nikipima watoto, nikiwaning'iniza kwa ule mzani wa ndoano wakiwa ndani ya kaptula ya kitambaa, wanapiga nduru, na mimi nawaambia, "Usilie, ni dakika moja tu." Mama zao nao niliwapima, na nikawasema bila huruma (mama, hii ni mimba ama ni chapati?), kwa hivyo mjue kwamba yaliyonipata yalikuwa yameningoja siku nyingi.

Sasa, kikundi chetu cha wamama tuko kumi na mmoja, kila mtu na shamba lake dogo la chai, na tulikuwa tumechoka kubeba majani kwa mgongo mpaka senta, pale karani anayapima kabla lori ya kiwanda haijakuja kuyachukua. Tukaamua tutafute mtu mmoja wa tuktuk ya mizigo, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma, awe anatubebea kila siku ya kuchuna. Wakajitokeza wawili. Kiprotich alikuwa na mpya, kubwa, imejengewa chuma mpaka juu, na redio ndani. Odhiambo alikuwa na ndogo ya zamani, haina hata paa. Huyu Odhiambo alikuwa mchunaji kwa shamba kubwa la kampuni mpaka mashine za kuchuna zikaletwa na watu wakapunguzwa, na malipo yake ya mwisho yote yaliingia kwa hiyo tuktuk. Alikuwa ameniambia wazi kwamba akikosa kazi yetu ataiuza, arudi upande wa ziwa na mke na watoto, na hao watoto wamezaliwa huku, Kipsigis wanakiongea kuliko Kijaluo. (Niliwapima wote wanne.)

Wamama wote macho yalikuwa kwa Kiprotich na redio yake. Lakini mimi mnanijua, sikubali kitu kabla sijakipigia hesabu. Nikawaambia nguvu ya injini peke yake haikuambii chochote, ni kama dawa ya mtoto, huwezi kujua kijiko kimoja kinatosha kabla hujajua mtoto ana kilo ngapi. Nikageuza kadi ya zamani ya kliniki nikaandika kwa mgongo wake: ya Kiprotich ina nguvu ya farasi kumi na tano, lakini na chuma yake yote ina kilo mia nne na ishirini, ya Odhiambo ina farasi kumi na wawili tu, lakini kilo ni mia mbili na tisini. Zikiwa tupu, farasi mmoja wa Kiprotich anavuta kilo ishirini na nane na wa Odhiambo anavuta ishirini na nne, kwa hivyo ile ndogo ndiyo nyepesi kwa injini yake. Ukiongeza mzigo zinakaribiana, mpaka ukifika kilo mia mbili na thelathini, dereva akihesabiwa, zinatoshana, na ukipita hapo ya Kiprotich inashinda. Na sisi kwa safari moja tunapita hapo kwa nini? Mwenyekiti wetu, Mama Chelangat, aliiangalia hiyo kadi weee, akasema haya, Ijumaa tutaona kwa kilima, kila tuktuk na magunia matatu na mama mmoja wa kushuhudia.

Yeye akapanda ya Kiprotich (Mama Chelangat ni mwembamba, upepo ukivuma anashika mlango), na ya Odhiambo, nani mwingine, nikapanda mimi.

Odhiambo ni mtu wa adabu. Alitoa kofia, na mbele ya wamama wote, na Kiprotich ameegemea mlango wake akisikiliza, akaniuliza polepole, "Samahani, Sista, kwa ile hesabu, wewe nikuandike kilo ngapi?"

Jamani, ningesema nini? Wamama wote walinigeukia, hata waliokuwa wanafunga magunia, na hawa ndio niliwasema mambo ya chapati miaka yote hiyo. Nikasema, "Sabini na mbili." Na si uongo kabisa, kwa sababu niliwahi kuwa na sabini na mbili, kabla ya mtoto wangu wa pili, ambaye sasa ana ndevu. Odhiambo akajumlisha, yeye sitini na nne, magunia tisini, mimi sabini na mbili, jumla mia mbili ishirini na sita. Akafurahi. Nikapanda nikakaa juu ya magunia, nyuma kabisa, ndio kila mtu anione.

Kwa tambarare tuliruka. Tulimpita Kiprotich na redio yake, nikampungia Mama Chelangat mkono, nikawapungia wachunaji ndani ya mashamba, nikawapungia hata ng'ombe. Halafu tukafika kilima, na mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo wa murram barabarani, na injini ikaanza kulalamika. Odhiambo akaweka gia ya kwanza. Katikati ya kilima nikaona mbingu, mbingu tupu, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa limeinuka kutoka chini na mimi nilikuwa nalala chali polepole. Mlango wa nyuma ukafunguka. Nikashuka na gunia moja chini yangu mpaka kwa mtaro, miguu juu, kiatu kimoja kimebaki kwa tuktuk, majani mpaka ndani ya sweta. Kiprotich akatupita taratibu, na nashukuru alizima redio.

Wachunaji walinitoa, wakacheka, wakaokota majani, wakacheka tena. Nilimaliza kilima kwa mguu. Nilipofika senta nikipumua kama ng'ombe wa kuzaa, Mama Chelangat alikuwa ameshaamua. Alimwambia Odhiambo kwa upole kwamba wameona wenyewe, hiyo injini imechoka, atafute watu wengine. Odhiambo hakubishana. Aliinama akashika injini kwa kiganja, akasema, "Labda ni kweli imezeeka. Lakini kilo zilikuwa sawa."

Wacha niseme ukweli, nilinyamaza. Nilijishughulisha kutoa majani kwa nywele. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto, na Odhiambo akaanza kukunja kamba zake moja moja kama mtu anafunga nyumba. Nikakumbuka nilivyokuwa nikiwagombeza wamama wakidanganya kilo za mtoto, nawaambia dawa isipotosha usilaumu dawa. Hapo nikashindwa.

"Karani," nikasema, "nipime."

Karani akasema Sista, hapa tunapima majani. Nikamwambia anipime hivyo hivyo. Na mnajua mzani wa senta ni wa ndoano. Wamama wakaweka magunia mawili matupu pamoja, nikaingia, wakashikilia pande nne, wakanitundika, miguu inaning'inia, mbele ya foleni nzima. Na Mama Chelangat, ambaye nilimpimia watoto watano, akanipapasa goti akasema, "Usilie, Sista. Ni dakika moja tu."

Karani akasoma kwa sauti, vile huwa anasoma ya kila mtu: "Tisini na tisa." Akafikiria kidogo, akaongeza, "Nikitoa mbili za magunia, tisini na saba."

Senta yote iliangua kicheko, hata dereva wa lori ya kiwanda aliyekuwa ndio anafika. Odhiambo peke yake hakucheka, alikuwa anajumlisha kwa vidole, mia mbili hamsini na moja, kisha akashuka na tuktuk mbio akaleta magunia yetu matano yaliyobaki chini, bila mimi, na ile tuktuk ikapanda kilima bila kukohoa. Kazi akapewa hapo hapo. Kiprotich alipewa ya kubeba mbolea, kwa hivyo hakuna aliyenichukia.

Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akiniuliza kilo zangu namwambia kama zilivyo, hata kama ni askofu. Siku ya kuchuna napanda kilima kwa mguu, na Odhiambo akinifikia na majani yetu lazima asimame, atoe kofia, aniulize leo niko ngapi. Wiki jana nilimwambia tisini na moja, na kwa raha kabisa, nikiwa nimeshaweka mkono kwa mlango wa nyuma. Aliangalia magunia, akaniangalia, akahesabu.

"Bado, Sista," akasema, akaweka gia akaenda.