Mlango wa Kooperative

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa. Niliishia shule ya msingi na ninaandika polepole.

Vita ilipotulia kidogo, mama aliacha kufukia pesa chini ya jiko. Akaziweka kwenye kooperative moja ya akiba hapa Bunia, apate kununua mabati ya nyumba yetu ya mtaa wa Rwambuzi. Aliiamini kwa sababu ya mlango wake wa chuma. Kooperative ikafilisika. Hapakuwa na mfuko wa kuwalipa wenye akiba, basi kamati yake iligawa vyombo vya ofisi: wengine walipata viti, mama akapata ule mlango.

Tukaufunga kwenye nyumba yetu, iliyobaki na paa la nyasi. Haikupita wiki, jirani yetu muuza samaki akaja na pesa zake ndani ya kitambaa.

“Mama, unichungie hizi. Kwako mlango iko nguvu.”

“Na mwizi akipita juu, mu manyasi, nani atakulipa?”

“Si utanipatia mlango?”

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamrudishia kitambaa, akamwonyesha namna ya kufukia chini ya jiko.

Nasikia kwingine benki ikianguka kuna mfuko unaolipa watu. Kama kwenu upo, mniandikie: unalipa pesa kweli, ao unagawa milango?