Parrain wangu ananitafutia kazi, kumbe anayefukuzwa ni yeye

Admin, jina langu lifiche vizuri. Kwenye page hii Warundi na Wakongo wa Durban tuko wengi, na wengine tunasali pamoja.

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, Mrundi, nimeoa, nina mtoto wa miezi saba. Tunaishi South Beach, chumba kimoja kwenye flat tunayogawana na familia mbili. Naunda na kutengeneza kompyuta kwenye duka moja hapa mjini. Naandika kwa simu, makosa mnisamehe, nimechoka hata kusoma nilichoandika.

Kazi hii sikuisomea popote. Nilipofika Durban nilikuwa nabeba mizigo ya watu sokoni Warwick, mgongo umekwisha. Aliyenitoa pale ni mzee wa kanisani kwetu, nitamwita Baba Deo, si jina lake. Alinipeleka kwa patron wake, mwenye duka hili, akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Akiharibu kitu, niulize mimi." Na kweli niliharibu. Mikono ilizoea magunia, prosesa ya kwanza niliyoshika nilipinda vile vijipini vyake vya chini. Alikaa mchana mzima anavinyoosha kimoja kimoja na sindano ya kushonea, huku anaimba. Hakunigombeza.

Nilipooa, yeye na mke wake ndio waliotusimamia. Kwetu parrain si mtu wa kuvaa suti siku ya harusi halafu basi. Mke akinuna unaenda kwa parrain. Mtoto akiugua, parrain. Jambo kama hili ningempelekea yeye, lakini safari hii haiwezekani, ndiyo maana niko hapa nawasumbua watu nisiowajua.

Duka letu tangu lifunguliwe linatumia prosesa za kampuni moja tu. Sitaitaja. Bei yake ilikuwa nafuu, na Baba Deo anaziamini kama dini. Mteja akiulizia za wapinzani anamcheka: "Unataka kulipia jina? Jina litakufungulia mafaili?" Sasa kampuni yenyewe huko ng'ambo iko taabani, kila mara tunasikia wamefukuza watu tena. Wateja nao wanasikia. Wanauliza, "Hii kampuni ikifa, nitasaidiwa na nani?" Wengine hawataki kompyuta kabisa, wanataka tablet. Kuna siku tunashinda tunafuta vumbi tu.

Miezi mitatu iliyopita patron aliniita nyuma ya duka, peke yangu. Akasema anahamia prosesa za wale wapinzani, na fundi atabaki mmoja. "Wewe bado kijana, unashika haraka. Nitakupa bodi ya kompyuta yenye prosesa hizo, jifunze nyumbani. Lakini mzee asijue." Nikasema sawa. Jamani, sikuuliza hata swali moja! Sikusema hata kwamba mzee naye anaweza kujifunza. Nilisema sawa kama mtu aliyeulizwa kama anataka chai.

Basi nikawa natembea na bodi kwenye begi, juu yake chakula. Baba Deo, ambaye huniita petit, yaani mdogo, anaona nalibeba, ananitania: "Petit, begi zito hivyo, mama mtoto amekupikia mawe?" Nacheka. Na yeye anacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nimejikalia kwenye nguo yake vizuri kabisa.

Wiki iliyopita akahisi kitu. Tulikuwa tunanunua mahindi kwa wale mama wa Warwick, akaniambia polepole, "Nasikia patron anataka kupunguza mtu. Wewe ndiye uliyeingia mwisho. Lakini usiogope. Na nyumbani usiseme kwanza, mke ananyonyesha yule." Eish! Alidhani anayeondoka ni mimi. Nilitaka kusema. Mahindi yalikuwa mdomoni, nikatafuna.

Hakuishia hapo. Siku tatu mfululizo, kazi ikiisha, anaenda bandarini kwa Mkongo mmoja wa kampuni ya malori anayefahamiana naye tangu zamani. Juzi akaja anacheka: "Iko nafasi moja ofisini kwao, kuangalia kompyuta na karatasi za makontena. Nimekuombea wewe. Wanataka jibu Jumatatu. Lete makaratasi yako, nitayapeleka mwenyewe."

Mke wangu anajua yote tangu mwanzo. Anasema, "Si wewe unayemfukuza, ni patron. Tuna mtoto. Nyamaza." Lakini Jumapili kanisani alipomwona marraine, mke wa Baba Deo, anakuja kumsalimia, alikimbilia nje kubadilisha mtoto nepi, na mtoto alikuwa mkavu.

Baba Deo ana miaka hamsini na kitu na watoto wanne shuleni. Mwisho wa mwezi huu patron atamwambia. Ile nafasi ya bandarini ndiyo ingemwokoa yeye. Lakini nikimwambia "parrain, ichukue wewe," ataniuliza kwa nini, na jibu lake ni miezi mitatu ya begi langu. Nikiikataa bila sababu, itachukuliwa na mtu mwingine. Nikiichukua mimi, duka halitambakiza, atatafutwa kijana mwingine anayezijua hizo prosesa mpya. Nimezunguka humo mpaka kichwa kinauma. Naona aibu, na nimechoka na hiyo aibu.

Leo asubuhi amenipigia. "Petit, makaratasi yako wapi?" Nikamwambia bado natafuta. Akasema, "Fanya haraka basi. Mimi nimeshawaambia kule kwamba wewe hujawahi kunidanganya."

Ndugu zangu, nishaurini, nianze na neno gani mbele ya mtu huyu? Matusi yenu nitayapokea, nayastahili, lakini ya Jumanne. Kabla ya Jumatatu nahitaji shauri.