Meli ya Gesi na Jiko la Mama

Majuzi redio ilitangaza mpango wa kujenga kituo cha kupokea gesi kutoka ng'ambo, kituo kizima kikielea baharini. Watoto wangu walibishana kitaeleaje. Mimi nilicheka peke yangu, kwa sababu miaka ya tisini gesi iliyokwama baharini ndiyo iliyonifundisha kusonga ugali.

Nilikuwa mwalimu karibu na Merigi, kitinda mimba, bado sijaoa, nikiishi na mama katikati ya majani chai yetu. Macho yake yalitoa machozi mchana kutwa. Muuguzi alimpa dawa ya kupaka, akamwambia waziwazi kwamba akirudi kwenye moshi atapofuka. Basi nikamnunulia jiko la gesi na mtungi wake. Mama akaufunika mtungi kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akawa anaupitia polepole asiusumbue.

Ulipoisha nikaupeleka Bomet. Mwenye duka akatikisa kichwa.

"Mwalimu, gesi hakuna. Wanasema meli iko tu huko bahari ya Mombasa, inangoja pahali ya kushukisha."

"Itangoja mpaka lini?"

"Sasa hiyo uulize meli."

Niliporudi nilimkuta mama ameinamia kuni, anapuliza. Nilikasirika, na hasira zangu ziko karibu. Nikamshika mkono, nikamkalisha nje kwenye kigoda, nikarudi mimi kwenye mafiga. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haonekani akipika jikoni kwa mamake. Mama aliona aibu kunishinda.

"Funga mlango basi," alisema. "Watu wasikuone."

Nikiufunga, moshi utapitia wapi? Nikauacha wazi.

Ugali wa kwanza ulikuwa madonge matupu. Mama aliula hivyo hivyo. Kesho yake akaanza kunielekeza kutoka nje, akisikiliza mwiko tu: "Songa! Bado hiyo ni uji." Jumapili aliwaomba akina mama wa kanisa waiombee meli, nao wakaiombea, baada ya wagonjwa na kabla ya mvua.

Jirani hakukosa kupita.

"Naona moshi kila jioni. Kwani kijana ameoa?"

"Ameoa," mama akajibu. "Lakini bibi mwenyewe ana ndevu."

Walicheka mpaka nami nikacheka huko ndani, nikikohoa. Tangu siku hiyo hakuniambia tena nifunge mlango, na nilifurahi sana.

Wiki ya nne gesi ikafika Bomet. Nilikuja na mtungi begani, nikaufunga kwenye jiko, nikawasha, nikamwita mama aje apike. Akasimama mlangoni, mimi nikiwa upande wa pili wa chumba, akanitazama.

"Macho yako mekundu," akasema.

Kwa mwaka mzima mama hakuwa akinitambua kutoka mlangoni mpaka nimsalimie.