Kanda ya misukule iliyotaka kumhamisha Bibi Mwanne kutoka Magomeni ya Kilosa

Wakuu, salaam kwenu na dada zangu wote wa humu. Haya yalinikuta mwenyewe, na pale panaponiaibisha sitaparuka.

Nimeona vijana mnabishana picha gani ya mazombi ni kali. Yangu ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, hata damu haina rangi. Niliiona hadi nikaijua kwa moyo.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, akapunguzwa kazini. Kwa kiinua mgongo wenzake walinunua mashine za kusaga, yeye akarudi nyumbani na televisheni na deki ya video. Mama alinuna wiki nzima.

Sebule yetu pale Magomeni (ya Kilosa, siyo ya Dar, msinichanganye) ikawa ukumbi wa video. Mabenchi sita, blanketi dirishani, ubao mlangoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, nasubiri matokeo. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini pale mtaani kilitosha. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya TV na kutafsiri picha ikiendelea.

Sasa, binamu yangu alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli moja Mikumi. Mgeni mmoja akamwachia kanda, naye akatuletea.

Picha yenyewe: watu wamejifungia kwenye stesheni ndogo ya treni porini, wafu wanawajia. Ukali wake ni kwamba wale wafu hawakimbii. Unaweza kuwaacha kwa kutembea tu, ila wewe utachoka na wao hawachoki. Wakuu, mpaka leo hakuna makelele ya hizi picha mpya yaliyowahi kunitisha vile.

Ubaoni nikaandika kwa chaki: MISUKULE WA ULAYA. Watu walijaa hadi wengine wakakaa sakafuni.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Mtafsiri yeyote wa video anajua, picha ikipoa unaongeza chumvi. Mimi nikawaambia watazamaji kwamba wale wafu wana mwenyewe kama misukule wa kwetu, bibi kizee mchawi anayewalimisha shamba usiku na kuwaficha mchana. Kwenye kanda hakukuwa na bibi yeyote. Nilimtoa kichwani mwangu. Watu walipiga kelele za raha, na mimi nikavimba kichwa.

Haikupita wiki, bibi akapatikana.

Bibi Mwanne alikuwa mjane aliyehamia mtaani kwetu kutoka Rudewa, mashamba ya mkonge yalipolala. Anaishi peke yake, na mahindi yake yamestawi kuliko ya kila mtu. Watoto wakasema alfajiri wameona kitu shambani kwake kimefunikwa gunia, kinachechemea kama wale wa kwenye video. Kufika jioni kimoja kimeshakuwa sita.

Watu wa rika langu wakaanza kumpita bila shikamoo. Anayetujua anaelewa hilo lina uzito gani kwetu. Kisha ikatoka habari kwamba Jumapili kuna mkutano wa mtaa, na ajenda ni moja: Bibi Mwanne ahame.

Baba aliniita.

"Huyo bibi kizee wa misukule, kwenye kanda yumo?"

"Hayumo, baba."

"Basi wewe ndiye uliyemwingiza, na wewe ndiye utakayemtoa."

Sikula siku ile. Niliogopa, na niliona aibu ya kweli.

Baba alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akamwomba jambo moja: kabla ya mkutano, wote waje waione ile kanda Jumamosi saa nane mchana, bure. Yeye mwenyewe akaenda kumchukua Bibi Mwanne. Alikuja na fimbo yake, akakaa benchi la mbele. Benchi zima alikaa peke yake.

Nikasimama kando ya TV. "Wazee wangu, shikamooni. Yule bibi niliyewasimulia hayumo. Nilidanganya. Leo nitasoma kilichomo tu."

Manung'uniko yakaanza. Mama mmoja akasema, "Hayumo, lakini misukule si hao hapo?"

Nikabonyeza pause. Wakuu, huu ndio utamu wa kanda ambao sinema ya ukutani haina: unamsimamisha maiti pale pale unapotaka. Nikawaonyesha mfu mwenye shati la miraba akipigwa risasi, anadondoka. Nikapeleka mbele. Yule yule yupo dirishani, mzima, anagonga kioo.

"Aaa! Si amekufa huyo?" mwenyekiti akaruka.

Basi ukumbi ukachangamka, kila mtu anatafuta kosa. Huyu kavaa saa. Yule anapepesa macho. Hofu yote ikageuka mchezo.

Ndipo Bibi Mwanne akanyanyua fimbo. "Mwanangu, rudisha kidogo. Huyo mzee mwenye koti."

Nikarudisha.

"Hapo anachechemea mguu wa kulia. Sasa peleka mbele. Umeona? Umehamia kushoto."

Nikarudia mara tatu. Kweli tupu! Sebule ililipuka kwa kicheko, na mama yangu akatoka jikoni kuona kulikoni.

Bibi akasimama. Akaiegemeza fimbo kwenye benchi, akatembea bila msaada mbele ya TV, anachechemea, akarudi.

"Niliangukiwa na bunda la mkonge Rudewa. Mtaani natembea na fimbo, shambani mikono yote iko kwenye jembe. Alfajiri kuna umande, najifunika gunia. Mliyemwona ni mimi. Mguu ni huu wa kulia, na haujahama. Mwigizaji husahau mguu unaouma. Mwenye maumivu hasahau."



Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, lakini alisimama wa kwanza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kisha mama aliyeninung'unikia. Kisha vijana, mmoja mmoja, benchi kwa benchi. Bibi aliitikia marahaba hadi sauti ikakauka, na mimi nilikuwa wa mwisho nikilia kwa furaha bila haya. Mkutano wa Jumapili haukufanyika.

Tangu hapo benchi la mbele lilikuwa lake, na kila Jumamosi alitaka ile ile. Tuliirudisha nyuma kanda ile hadi ikawa mistari mitupu.

Nilichojifunza: chumvi ya msimulizi huishia kwenye kidonda cha mtu. Ukikosea hadharani, tengua hadharani.

Mliokuwa Kilosa, Mikumi, hadi Munisagara enzi za deki, mtafsiri wenu aliwahi kuwadanganya nini? Nami mnisute, nimestahili.