Siku Niliyoshika Mwavuli Badala ya Kijiko

Mkasa huu huwa nausimulia mwenyewe, mapema, kabla hamjausikia kwa madereva wenzangu, maana wao wameshautia chumvi hadi haulambiki, na aibu ikiwa ni yako ni afadhali uibebe kwa uzito wake halisi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, nyumbani ni Endamarariek, na nimeshuka kreta ya Ngorongoro mara nyingi kuliko nilivyokwenda kumsalimia mama mkwe wangu (naye analijua hilo, na hulisema mbele za watu). Wenzangu wananiita Mwalimu. Sijawahi kufundisha shule yoyote, ni kwamba tu nikiulizwa jambo dogo hulieleza tangu shinani, na nikiona uso wa mtu ambaye hajaelewa naanza upya bila kuchoka. Tabia hiyo imenipatia wageni wengi, na siku hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilikuwa na wageni wawili. Bi Greta, mama wa makamo, alikuwa amefanya kazi ya miradi ya maji Arusha kwa miaka sita, Kiswahili anakiongea vizuri tu, na wiki hiyo alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Wanyama wote alishawaona isipokuwa faru. Alikwishashuka kreta mara kadhaa, na kila mara akaambiwa faru alionekana jana. "Paskali," aliniambia kabla hata hatujauacha mji wa Karatu, "leo ndiyo mara ya mwisho. Nikimkosa leo, nimemkosa." Hakusema kwa kulalamika, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na labda ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Nikamjibu tunavyowajibu wote, kwamba tutajitahidi mama, lakini moyoni nililichukua kama jambo langu. Mwenzake, Bwana Piet, ndiye aliyekuja kushika nafasi yake ofisini, alikuwa mgeni kabisa nchini, na bado kila kitu kilikuwa kinamshangaza.

Sasa, njia nzima hadi getini mazungumzo yao, kwa Kiingereza, yalihusu chakula cha mchana. Bwana Piet alikuwa amekwenda ofisi moja huko Arusha akakuta mlango wazi, feni inazunguka, na hakuna mtu hata mmoja ndani, na mlinzi akamwambia, "Wamekwenda kula," kwa utulivu kabisa, kana kwamba jibu limekamilika. (Kwetu limekamilika.) Kwao, akasema, mtu anatafuna mkate wake mezani huku akipokea simu, na mteja hatakiwi hata kujua kwamba anayemhudumia ana tumbo.

Bi Greta alicheka. "Utazoea, Piet. Mimi mwaka wangu wa kwanza nililia kwa hasira. Nilimkuta muuza vitunguu vya Mang'ola pale sokoni Karatu anakula wali, nikamwambia nina haraka. Akanitazama kwa huruma, akanisogezea kijiko."

"Ukafanyaje?"

"Nikala. Kisha akanichagulia vitunguu vizuri kuliko vya siku zote."

"Hiyo siyo huduma," akasema Bwana Piet. "Hiyo ni bahati. Mteja kwanza, tumbo baadaye."

Mimi nikaeleza, ningeachaje? Nikaeleza kwamba huku kwetu mtu akila peke yake kwenye meza ya kazi wenzake watamuuliza ana ugomvi na nani, na kwamba kumkaribisha mteja kwenye sahani ndiyo kumheshimu kwenyewe, na kwamba aliyeshiba hakosei hesabu. Bwana Piet alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Na wewe, Paskali, mchana ukienda kula, sisi tunabaki na nani?"

Hakuwa na ubaya. Lakini swali lake lilinichoma, na badala ya kujibu nikajiapiza kimoyomoyo kwamba leo huyu bwana ataona huduma ambayo hata kwao hawana. Ndivyo lilivyoanza.

Kwa ambaye hajafika kule chini, nieleze kidogo. Mchana magari karibu yote hukusanyika Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, ndipo wageni wanapofungua maboksi yao ya chakula. Sisi madereva tukishawaweka wageni vizuri tunakwenda kwenye boneti ya gari la mmoja wetu, mara nyingi la Tluway, kwa sababu Tluway hubeba hotipoti ya makande kutoka kwa mama mmoja wa Karatu, na kila mtu anamwaga boksi lake pale, mayai, kuku, ndizi, tunakula pamoja tukiwa tumesimama. Mgeni akituona kwa mbali anadhani tunapiga soga. Tunapiga soga, ndiyo, lakini humo ndani ya soga ndimo kazi ilimo: nani amemwona simba mwenye watoto, barabara ipi imekuwa tope, na hasa faru yuko wapi. Faru hatangazwi kwenye redio, kwa sababu ukimtangaza yanakuja magari arobaini naye anaondoka. Wala hatajwi mbele ya mgeni, kwa sababu ukimtaja halafu asionekane utalaumiwa wewe. Faru anatajwa kwenye boneti tu, mdomo kwa sikio, huku mtu ameshika kijiko.

Haya yote nayajua. Nimeyaeleza kwa madereva wapya mara nyingi. Siku hiyo nikayaweka kando.

Niliwatandikia wageni wangu kitambaa, nikawafungulia maboksi, nikawamiminia chai, halafu (hapa ndipo huwa nainamisha kichwa) nikatoa ule mwavuli mkubwa wa kampuni nikasimama nyuma yao nikiupunga angani. Ni kwa sababu ya mwewe. Mwewe wa Ngoitokitok hawaombi, wanashuka kama jiwe na kuondoka na paja la kuku likiwa tayari mdomoni mwako, kwa hiyo kwa kawaida tunawashauri wageni wale ndani ya gari. Mimi nikaona hapana, watakula nje, kwa raha zao, na mwewe watapambana na mimi.

"Mwalimu!" akaita mmoja kutoka kwenye boneti. "Leo umeajiriwa na mwewe?"

"Mwacheni, ni mpambe," akasema mwingine. "Bibi harusi mnamwona?"

Walicheka sana. Tluway hakucheka, alinipungia mkono. "Mwalimu, njoo mara moja! Makande yanapoa!"

Nikainua kiganja kama trafiki anayesimamisha lori. Akaita tena, "Njoo bwana, dakika tu!" Nikamgeuzia mgongo. Nilimwona Bwana Piet akinitazama kwa kuridhika, na nikawa nimevimba kidogo, niseme ukweli, mwavuli ukaanza kupepea kwa madaha.

Bi Greta ndiye aliyeuliza, "Paskali, wewe huli?"

"Nitakula, mama. Mteja kwanza."

Walipokwenda kuwapiga picha viboko nikaweka mwavuli chini, nikafungua boksi langu juu ya boneti ya gari langu, peke yangu, nikageuka kutafuta chumvi, na mwewe (ambaye nadhani alikuwa ananihesabia muda wote ule) akachukua kuku. Boksi likaanguka, yai likabingirika, na kanga wa pale ambao wamezoea watu wakamaliza mkate kabla sijainama. Huko kwenye boneti ya Tluway walikuwa wanafunga hotipoti. Tangu alfajiri tumboni nilikuwa na chai ya rangi tu.

Tukaondoka. Kwenye njia panda niliona magari ya wenzangu yanaelekea Lerai, msitu ulio karibu na barabara ya kupanda kutoka kreta, moja baada ya jingine, vumbi limeinuka, nikajiambia wanawahi kupanda mapema, wavivu hawa, mimi nitawazungusha wageni wangu hadi dakika ya mwisho. Nikakata upande wa pili, kuelekea ziwani. Tukazunguka na kuzunguka. Pundamilia, nyumbu, mbuni mmoja aliyetupuuza. Kwenye kioo nilimwona Bi Greta anavyosogeza macho yake kwenye majani, polepole, kama anayetafuta sindano, na mimi njaa ilikuwa imeanza kunichezea, vitu vyote vya mbali vilikuwa vinatikisika kwenye mvuke wa joto.

Ndipo nikamwona. Mbali, chini ya kilima kidogo, mgongo mpana wa kijivu ndani ya majani.

"Mama," nikasema, "usisimame haraka. Kule. Amelala."

Bi Greta alisimama kwenye paa lililofunguliwa, akaziba mdomo kwa mkono, na machozi yakamtoka. Alinishika bega. Nami nikaanza kueleza. Nilieleza kwamba faru hupenda kupumzika jua likiwa kali, kwamba macho yake hayaoni mbali lakini pua yake inasoma upepo, kwamba ametulia hivi kwa sababu ana imani na mahali hapa. Nilieleza vizuri mno, naweza kusema sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Gari moja likasimama nyuma yetu, la dereva kijana ambaye ananiheshimu, halafu la pili, halafu la tatu, kwa sababu Mwalimu akisimama lazima kuna kitu. Watu wakatoa kamera ndefu kama mabomba ya jiko.

Bwana Piet ndiye aliyekuwa na darubini yangu. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Paskali," akasema taratibu, "kuna bweha amepanda juu ya faru."

"Hutokea," nikasema.

"Amekaa. Anajikuna."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo nikaanza kueleza urafiki wa wanyama, jinsi ndege anavyowala kupe wa faru na faru asijali, na kwamba huenda na bweha vilevile, kwa namna yake. Bweha alijikuna, akapiga mwayo, akajilaza pale juu akaweka kichwa kwenye miguu. Faru hakutikisa hata sikio. Nikaanza kusikia watu kwenye gari la nyuma wakinong'ona, kisha mtu akacheka, kisha wakacheka wote.

Wakati huo Tluway akatokea, anarudi kutoka upande wa Lerai. Akasimamisha gari ubavuni mwangu, akatazama msururu wa magari, akatazama kule kwenye kilima, akanitazama mimi. Wageni wake walikuwa na nyuso za watu walioona walichofuata.

Akaniongelesha Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ili kunifichia aibu, na huo ulikuwa ukarimu, ila dereva wa nyuma naye ni Mwiraqw akaangua kicheko. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa haya: "Mwalimu, unawaonyesha nini?"

"Faru."

"Ndugu yangu, hilo jiwe tumelikuta hapo sote." Halafu akashusha sauti. "Faru yuko Lerai, mama na ndama wake, yuko nje kabisa ya msitu. Nilikuita nikwambie. Nilikuita mara mbili."

Sikugeuka kumtazama Bi Greta. Niliwasha gari nikasema tu, "Tuketi, tunakwenda Lerai," na nikaendesha kwa kasi ya mwisho inayoruhusiwa, nikipishana na magari yanayotoka huko, watu wanacheka, wanaonyeshana picha kwenye kamera zao. Tulipofika palikuwa na nyayo kwenye udongo laini, kubwa na ndogo, zinaingia kwenye migunga. Tukazima injini tukangoja. Tawi lilivunjika mahali fulani ndani, Bi Greta akasimama kwa vidole, halafu kukawa kimya. Tukangoja hadi askari wa hifadhi wakapita wakatuashiria kwamba muda umekwisha, magari yote yaanze kupanda.

Tukaanza kupanda ukingo wa kreta. Kwenye kioo nilimwona Bi Greta ameshika kamera yake anafuta picha, moja moja, bila haraka, na kwa kila moja kidole chake kilitulia kidogo kabla ya kubonyeza. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Nilikuwa nayo mengi: joto, umbali, umbo la mawe ya volkano. Tulipofika juu nikasimamisha gari pale kwenye kituo cha kutazama bonde, nikashuka, nikamfungulia mlango, na maelezo yote yakanikimbia.

"Mama, nimekukosea," nikasema.

Alitazama bonde lile likiwa linaingia kivuli, na huko chini faru yupo, anakula zake. "Paskali," akasema, "ungekula tu."

Bwana Piet alisimama karibu, mikono mfukoni.

Bi Greta aliondoka nchini siku mbili baadaye, bila faru. Wenzangu wamelipa lile jiwe jina langu, na madereva wapya wanaonyeshwa, nami nimeacha kupinga. Lakini tangu siku hiyo nimejiwekea sheria na siivunji kwa mgeni yeyote, awe balozi, awe mfalme: tukifika Ngoitokitok nawafunga wageni ndani ya gari pamoja na chakula chao, nawatakia mlo mwema, nachukua boksi langu naelekea kwenye boneti. Na wakiniuliza nakwenda wapi, nawajibu kwa kifupi, mimi ambaye sijui kujibu kwa kifupi, kwamba nakwenda kazini.